Baiskeli Inauzwa, Mume Hauzwi

Mwezi huu sina hadithi ya mapenzi ya kuwaliza. Nina hadithi ya baiskeli. Ngoja, usifungue ukurasa mwingine! Hii baiskeli nusura inifungishe virago, na kama una kitu ndani unataka kukigeuza pesa, iwe baiskeli, friji au yale makochi mliyopewa kwenye harusi, humu kuna mambo yatakufaa.

Mwaka 2021 mume wangu alirudi nyumbani jioni anasukuma baiskeli. Giant Escape, bluu, mtumba wa Japani, tairi nyembamba, gia 24. Nikamuuliza ya nani hiyo. Akajibu, "Yetu." Dada zangu, ukisikia mwanaume anasema "yetu" kwa kitu ambacho hukuulizwa, jua pesa imeshatoka. Ilikuwa laki sita na nusu. Na mimi wakati huo nilikuwa nahesabu siku tubadilishe friji. Siku tatu hatukuongea, na kuanzia hapo ile haikuwa baiskeli tena, ilikuwa mke mwenza. Anaipanda kutoka Sinza mpaka kazini mjini, anafika hajabanana na mtu kwenye daladala, jioni anarudi anaifuta kwa kitambaa. Kwa kitambaa, jamani! Sebule yetu ndogo, ikawa inalala nyuma ya kochi. Kila mgeni akija mimi nasema, "Pita tu, ruka hicho chuma cha shemeji yako."

Hayo maneno yashikeni, yatarudi.

Sasa mwaka huu tukapata nyumba Kibamba. Vyumba viwili, choo ndani, na uwanja wa mtoto kuchezea. Kodi 250,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo, na dalali naye anataka yake ya mwezi mmoja. Piga hesabu: 1,750,000. Sisi tulikuwa na 1,320,000. Pengo laki nne na thelathini, na mwenye nyumba katupa wiki mbili, zikiisha anampa mwingine. Usiku ule nilimwangalia mume wangu, yeye akaangalia nyuma ya kochi. Hakuna aliyefungua mdomo. Tulipozima taa ndiyo akasema, "Mama, tuiuze tu. Kutoka Kibamba mpaka mjini ni zaidi ya kilomita 20, sitaweza kwenda na kurudi kila siku."

Nilifurahi, siwafichi. Miaka yote nilikuwa naisubiri siku hiyo. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza.

Asubuhi yake mume wangu alikuwa ameshapata mteja. Nani? Mdogo wake. Bei? Laki mbili, tena kwa awamu mbili. Nilimpigia mwenyewe. "Shemeji, laki mbili kwa Giant?" Akacheka. "Shemeji, si wewe mwenyewe unayesema kile chuma kinawajazia sebule? Mimi nawasaidia kukitoa."

Nilikosa jibu. Jamaa alikuwa ananirudishia maneno yangu mwenyewe. Miaka yote nilikuwa naishusha bei ile baiskeli, bure, mbele ya kila aliyekanyaga kwangu, halafu siku ya kuuza nashangaa wateja wa ukoo wanaiona chuma chakavu. Na mume wangu naye alikuwa na lake. Alikuwa na aibu. Aliinunua bila kunishirikisha, tumegombana kwa ajili yake, sasa anataka iondoke haraka, kama mtu anayeng'oa jino, ili ionekane ameitoa sadaka kwa ajili ya familia. Mmoja anauza kwa hasira, mwingine anauza kwa aibu. Mnunuzi akikutana na wawili kama hao anakula bila kunawa.

Tukamkatalia shemeji kwa upole (bei ya undugu ina ubaya wake, hata awamu ya pili huwezi kuidai bila kikao cha ukoo). Tukaamua kuitangaza. Mume wangu akapiga picha usiku, baiskeli iko nyuma ya kochi, kanga zangu zinaning'inia pembeni, akaweka WhatsApp: "Baiskeli kali inauzwa, bei maelewano."

Bei maelewano! Hayo maneno mawili ni kama kuandika mlangoni "ufunguo uko chini ya kapeti". Walikuja watu ishirini na kitu kuuliza bei ya mwisho, na mmoja tu akafika nyumbani. Mkaka mmoja mtanashati, miwani ya jua kichwani. Akaiangalia, akaizunguka, akauliza swali dogo kwa sauti ya kirafiki kabisa: "Kaka, mbona unaiuza, inaonekana nzuri tu?" Na mume wangu, Mungu ampe maisha marefu, akafunguka yote. Kodi, Kibamba, wiki mbili, dalali, mwenye nyumba mkorofi. Nilikuwa jikoni nasikia, nikatamani sakafu ipasuke. Tulikuwa tumepanga kuanzia laki nne na nusu. Yule mkaka akatoa miwani kichwani, akaivaa, akasema, "Nina laki tatu taslimu, hapa hapa. Fikirieni." Akaacha namba.

Tuligombana siku hiyo, tena ugomvi wa kunyamaziana, ule mbaya. Yeye anasema laki tatu ni pesa, mimi nasema umetuvua nguo mbele ya mnunuzi. Ila saa nne usiku mtoto kalala, nikachukua daftari. Nikamwambia, baba, tukae chini kama watu tunaouza kitu chetu. Sisemi tena chuma. Na wewe usiseme tena kodi.

Tuliandika vitu viwili tu usiku ule. Cha kwanza, bei ya chini kabisa ambayo hatuvuki: 430,000, yaani lile pengo. Hiyo inabaki kati yetu, hasikii mama mkwe wala shosti. Cha pili, jibu la swali la "kwa nini mnauza". Jibu lenyewe lilikuwa kweli tupu: "Tunahamia mbali na kazini." Nukta. Hujadanganya mtu, na hujamfungulia mtu pochi yako akachungulie ndani. Wanandoa wengi mnaingia kwenye biashara ya kuuza kitu cha ndani kila mtu na bei yake kichwani, mmoja anasema laki tano, mwenzake pembeni anatikisa kichwa kwamba hata nne sawa. Mnunuzi hana haja ya kubishana na nyinyi. Anasubiri mbishane wenyewe.

Jumapili tukaipeleka kwa fundi wetu pale Sinza, anayekaa chini ya mwembe. Nilikuwa sijawahi kukaa pale hata siku moja. Fundi akaipindua juu chini, akafuta tope kwenye kile kipande cha chini ambacho pedali zinazungukia, akanionyesha namba zimegongwa kwenye chuma. "Hii ndiyo namba ya fremu, mama. Andika." Akanionyesha na stika ndogo yenye maandishi ya Kijapani. Nilidhani pambo. Kumbe Japani, tangu mwaka 1994, sheria inamtaka kila mwenye baiskeli aisajili ili ikiibwa ijulikane, na hiyo stika ndiyo alama yake. Haithibitishi kwamba ni yako wewe wa Sinza, ila inamwonyesha mteja kwamba mtumba wako kweli ulitoka Japani. Na mimi kumbe niliwahi kujaribu kuibandua kwa kisu nikifanya usafi! Bahati yake ilikataa.

Halafu akaniomba futi. Nikamwambia ninayo ya cherehani kwenye pochi. Akasema hiyo hiyo, ina inchi. Akanyoosha ile futi juu ya cheni. Cheni ya baiskeli, kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, kwa hiyo ukihesabu nafasi 24 unatakiwa kupata inchi 12 kamili. Ikiwa imetumika sana zile pini zinalika ndani, cheni inarefuka, na ikifika inchi 12 na moja ya nane hiyo imekwisha na inatafuna meno ya gia zako pia. Mnunuzi mjuzi ataanzia hapo hapo, kwa sababu kubadilisha cheni pamoja na gia zake ni gharama. Yetu ilikuwa bado ndani ya inchi 12 na kidogo sana. Mume wangu alikuwa anatabasamu kama amefaulu mtihani. Kile kitambaa, kumbe.

Nikauliza, fundi, tubadilishe tairi ionekane mpya? Akakataa katakata, na hapa naomba msikilize, maana mimi ningepoteza pesa. Vitu vikubwa usivinunue kwa ajili ya kuuza. Ukiweka tairi mpya za laki moja, mteja hatakuongezea laki moja, ataona tu ni baiskeli ya mtumba yenye tairi mpya. Tengeneza vile vidogo vinavyomtia mteja wasiwasi akiipanda: breki zinazolia, gia zinazoruka, ringi inayoyumba, waya ulioanza kuchanika. Tukaweka raba mpya za breki na waya mmoja wa gia, akanyoosha ringi ya nyuma. Jumla elfu kumi na nane. Kwa mteja, breki inayopiga kelele ni sababu ya kukata elfu hamsini.

Usafi tulifanya wenyewe nyumbani, ndoo mbili. Maji ya sabuni ya vyombo na brashi ya mswaki kwenye kona, mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa kwa ajili ya cheni, ukaifuta mpaka ikauke, kisha tone moja moja la mafuta mepesi na kufuta tena. Msiipeleke pale wanapooshea magari ikapigwa mpira wa presha. Maji yanapenya kwenye bearingi, yanasafisha grisi yote, na baada ya wiki mbili inaanza kulalamika. Na msiipake mafuta ikang'aa kila mahali kama maandazi. Mtu anayejua akiona mafuta mengi anajiuliza unaficha nini.

Sasa bei. Hapa mume wangu ndiye aliyekuwa mkali, nampa sifa zake. Jioni tatu mfululizo alikaa na simu anaandika matangazo ya baiskeli zinazofanana na yetu. Mwanzoni mimi nikadakia, mbona huyu anauza laki nane, na sisi tuweke laki nane! Akaniambia, mke wangu, angalia hilo tangazo lina muda gani. Lilikuwa na miezi miwili. Bei iliyokaa miezi miwili ni bei ambayo watu wameshaikataa. Akawapigia wawili ambao matangazo yao yalikuwa yameondoka haraka, akajifanya bado anatafuta. Mmoja akamjibu vizuri tu kwamba yake ilikwenda kwa laki tano na ishirini. Hiyo sasa ndiyo bei. Tukakubaliana tutangaze 560,000, tukilenga laki tano.

Mtaniuliza, kwa nini msimpelekee mfanyabiashara wa baiskeli za mtumba akawapa pesa siku hiyo hiyo? Tulimuuliza mmoja. Alitaja laki mbili na themanini, na simlaumu. Naye anatakiwa ale, alipe fremu, tena akae nayo mpaka apate mtu. Ukiwa na dharura ya hospitali mpelekee. Ukiwa na wiki mbili, hiyo kazi yake ifanye wewe, na hicho chakula chake ule wewe.

Jambo lililotuokoa lakini halikuwa bei. Ni swali ambalo fundi aliuliza wakati tunaondoka: "Mnamuuzia nani?" Nikasema yeyote mwenye pesa. Akacheka mpaka nikaona aibu. Nikamkumbuka baba yangu Tabora na Phoenix yake, ringi 28, breki za vyuma, keria inayobeba gunia la mahindi bila kulalamika. Ile ukiipeleka gulioni kijijini wanagombania, ukiileta Masaki hakuna wa kuishika hata stelingi. Hii yetu nayo, ipeleke kwenye mchanga wa kijijini na tairi zake hizo kama kamba, inazama. Haina keria. Haifai kubeba mkaa wala mikate. Inamfaa mtu anayekwenda kazini kwenye lami, labda na ile njia ya baiskeli iliyojengwa pembeni ya Barabara ya Morogoro pamoja na mradi wa Mwendokasi. Na haimfai mtu mrefu. Mume wangu si mrefu (atanisamehe), na fremu tulipoipima, kutoka pale katikati pedali zinapozungukia hadi juu ya bomba la tandiko, ilikuwa kama sentimita 46.

Kwa hiyo tangazo la pili halikuwa na neno "kali" hata moja. Picha tulipiga saa mbili asubuhi ukutani, nje, upande wa kulia ambako cheni na gia zinaonekana, na geti letu halionekani. Tukapiga picha ya gia karibu, ya tairi karibu, na tukapiga picha ya mkwaruzo mrefu kwenye fremu, ule wa siku alipoangushwa na bajaji. Mume wangu alitaka kuuficha. Nikamwambia hapana. Mkwaruzo ukiwa kwenye picha, mteja anakuja ameshausamehe. Akiukuta mwenyewe uwanjani, unageuka silaha. Chini tukaandika: Giant Escape, fremu sentimita 46, inafaa mtu asiye mrefu sana, ringi 700C, gia 24, raba za breki mpya, ina mkwaruzo mmoja, tunahamia mbali na kazini, 560,000. Namba ya fremu hatukuitangaza, hiyo unamwonyesha mtu akifika.

Waliuliza wachache kuliko mara ya kwanza. Nikaanza kuingiwa na baridi, siku zilikuwa zimebaki sita. "Bei ya mwisho?" Jibu letu likawa moja: "Karibu uione kwanza, tutaongea." Bei ya mwisho haitolewi kwenye simu. Ukishuka kwenye simu, akifika mlangoni anaanza kushuka tena kutoka pale ulipoishia. Yule mkaka wa miwani naye akapiga, eti laki tatu na ishirini. Mume wangu akamjibu, "Ahsante kaka, imepanda." Nilicheka peke yangu jikoni.

Siku ya nne akapiga dada mmoja mfamasia. Akauliza swali moja tu: "Kweli ni sentimita 46?" Alikuwa ametafuta baiskeli miezi, kila anayoiona miguu haifiki, na wauzaji wakiulizwa saizi wanasema inamfaa kila mtu. Jumamosi saa nne asubuhi akaja, na mumewe.

Tulishapanga namna ya majaribio. Anayetaka kuipanda ama anazunguka humu humu uwanjani na geti limefungwa, ama anaacha pesa yote mkononi mwetu ndipo atoke barabarani. Kuachiwa simu au kitambulisho hakutoshi. Simu yenyewe inaweza kuwa kimeo, na kitambulisho si lazima kiwe chake. Unaona haya kumwambia mtu hivyo, hasa akiwa amevaa vizuri, lakini yule dada hakukasirika hata kidogo, aliona ni watu wenye akili. Akazunguka uwanjani mara nne. Nikamwona uso wake alipofika raundi ya tatu. Mumewe alikuwa amesimama pembeni amekunja mikono, akasema kwa sauti ya kusikika, "Laki tano na sitini kwa baiskeli ya mtumba? Si friji hiyo, mke wangu?"

Jamani. Nilimwangalia yule kaka nikajiona mimi, na ndevu.

Dada akashuka, akasema, "Kaka, nina laki nne." Mume wangu akasema, "Dada, hiyo siwezi," halafu akanyamaza. Mimi ukimya unanitesa, nilishafungua mdomo niseme chochote, labda hata niseme nne na nusu, akanikanyaga mguu. Ukimya ukaendelea mpaka nikasikia kuku wa jirani. Dada akasema, "Basi nne na nusu." Mume wangu akashuka kidogo, tano na thelathini. Yule kaka akaonyesha mkwaruzo. "Upo kwenye picha ya nne, kaka," nikamwambia kwa adabu zote. Dada akafika nne na themanini, akasimama hapo, na nikaona kweli amefika.

Hapa ndipo palipokuwa na mtego wetu wa mwisho. Pampu, kufuli na taa ya mbele hatukuvitangaza. Tuliviweka ndani kabatini makusudi. Mume wangu akaingia ndani, akatoka navyo, akaviweka kwenye kochi la barazani. "Dada, laki tano, na hivi vyote nakuachia." Ukishusha elfu ishirini imekwenda moja kwa moja. Pampu iliyotumika ungeiuza nani? Lakini kwa mtu ambaye hana baiskeli bado, hana pampu wala kufuli, na angeenda kuvinunua siku hiyo hiyo. Akamwangalia mumewe. Mumewe akaangalia pembeni. Akasema sawa.

Alilipa kwa simu. Imeseji ikaingia, na mume wangu hakuigusa baiskeli mpaka amefungua menyu na kuangalia salio lenyewe. Imeseji inaweza kutungwa na mtu yeyote mwenye simu, salio halitungwi. Tukaandika karatasi ya mauziano nakala mbili: jina la muuzaji na mnunuzi, tarehe, kiasi, namba ya fremu, sahihi zetu na za mashahidi, mimi upande wetu na mumewe upande wao. Karatasi inamlinda yeye akisimamishwa na askari, na inatulinda sisi akija mtu kusema pesa ilitumwa kimakosa, au baiskeli ikikutwa kwenye jambo tusilolijua. Usiuze baiskeli bila karatasi, hata kwa rafiki. Kwa rafiki ndiyo uandike zaidi.

Kabla hajaondoka mume wangu akamwambia kwamba gia ya tatu nyuma inataka kubembelezwa asubuhi kukiwa na umande. Hakuwa na haja ya kusema, pesa ilishaingia. Dada akasema ahsante kaka, akapanda, akatoka getini akipiga kengele kama mtoto, mumewe nyuma yake kwenye gari anaendesha taratibu.

Laki tano. Pengo likaziba, ikabaki elfu sabini, hamsini na mbili ukitoa ya fundi. Shemeji aliposikia alisema angejua ni mali ya laki tano angejipanga. Nikamwambia karibu Kibamba shemeji, sebule sasa ni kubwa.

Mume wangu siku ile hakula vizuri. Nilimkuta usiku ameketi kwenye lile kochi, amelisogeza mpaka ukutani, mahali palepale. Nilimpa chai, nikakaa naye, sikusema kitu cha busara. Nilimwambia tu kwamba sikujua alikuwa anaitunza vile, kwamba cheni ya miaka yote hiyo bado ina inchi 12 na kidogo. Akasema, "Ulikuwa huulizi."

Tumehamia Kibamba. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi. Juzi nilimkuta barazani anaangalia kitu kwenye simu, akaigeuza haraka niliponyoosha shingo. Nilishaona. Ilikuwa baiskeli, na safari hii ina keria. Nikamuuliza bei gani, akasema, "Bado sijauliza, nilikuwa nataka nikuonyeshe kwanza."

Nikavuta kiti. Tuonane mwezi ujao.